Njia ya Bandama

Shinyanga,
6 Agosti 2023

Mdogo wangu Nestory,

Marahaba, maana najua umeshanisalimia moyoni kabla hujafungua bahasha. Huku Ndala hatujambo. Nelly wako amekuwa wa nne darasani na amevunja kikombe changu cha maua, akaniambia kilijivunja chenyewe. Hilo amelirithi kwako. Mama alikuja wiki iliyopita kutoka Ushirombo na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akakaa siku tatu, akalalamika kuhusu maji ya bomba, akaondoka. Anauliza kama huko Nyarugusu mnakula au mnakunywa chai tu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unacheka halafu unakata. Barua huwezi kuikata. Nimempa Masudi, kondakta wa basi la Geita, akufikishie mkononi.

Mama Nelly amenipigia. Anasema Jumanne ulitapika damu, beseni lile kubwa la kufulia likaingia nusu, na ukamwambia ni dagaa wabovu. Nestory, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nimedanganywa na watu hodari kuliko wewe. Niambie umetapika mara ngapi, na umekwenda hospitali gani. Ninaogopa, nakwambia wazi ili usipate shida ya kukisia.

Jambo la pili. Tarehe 21 Septemba mdogo wetu Kalisti anatimiza miaka minne tangu shimo la dhahabu, lile duara lenu, limfukie. Mama anataka misa Ushirombo. Mwaka jana hukuja, mwaka juzi hukuja. Wewe ndiye uliyekuwa naye kazini siku ile, mama anataka kukuona kanisani.

Dada yako,
Lukresia


Nyarugusu,
29 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo. Masudi alikaa na barua yako wiki mbili, nadhani alikuwa anajipepea nayo. Sisi wazima. Karasha la jirani linasaga mawe tangu alfajiri na kuku wetu wameacha kutaga kwa kelele. Mwambie Nelly kikombe kinaweza kujivunja chenyewe, nimeshuhudia mara nyingi.

Haya. Si mara moja. Ni mara tatu tangu Pasaka, na katikati hapo choo kilikuwa cheusi kama lami. Nilidhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nakunywa maziwa. Mara ya tatu nilianguka, Mwita akanipakia kwenye gari la mawe mpaka kituo cha afya, na kutoka hapo nikapelekwa Mwanza. Huyo Mwita ndiye yule msimamizi wa duara la jirani.

Mwanza wameniingiza kamera kooni. Wamekuta mishipa imevimba, wakaifunga kwa vipete vya mpira. Daktari akaniuliza nilikulia wapi. Nikamwambia Ushirombo, kwenye majaruba ya mpunga. Akacheka kidogo bila furaha. Ni kichocho, dada. Wale wadudu waliotuingia miguuni tukiwa watoto, mayai yao yamelifanya ini langu kuwa gumu, na mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini umeziba kwa damu iliyoganda. Damu ikikosa mlango inatafuta vichochoro, inajaa kwenye bandama, inapasua kooni. Bandama yangu sasa imefika kitovuni. Nikilala ubavu wa kushoto naisikia.

Vile vipete havitoshi. Wananipeleka Dar es Salaam. Huko wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo, unashuka mpaka ndani ya ini, halafu wanatoboa kuufikia ule mshipa ulioziba na kuweka kibomba cha waya damu ipite. Daktari alitaka kunichorea, nikamwambia usijisumbue, hilo nalielewa. Ni kushuka na duara, kukata njia ya pembeni, kutafuta

Basi, hayo tuyaache. Kuhusu misa, kazi ni nyingi.

Nestory


Shinyanga,
14 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Tumepokea, na tumshukuru Mungu kwamba safari hii Masudi alikaa nayo siku nne tu. Nelly ana mafua. Mvua bado.

Sentensi yako moja imeishia njiani. Nimeigeuza karatasi nikitafuta mwendelezo nyuma, hakuna. Kama ungekuwa mmoja wa wanafunzi wangu ningekurudishia daftari.

Nimepima na mimi. Nilikanyaga majaruba yaleyale, na nimekunywa dawa za kichocho shuleni mara nyingi pamoja na watoto. Wameniambia ini langu ni zima. Nilitoka pale nikalia, sijui kwa nini. Tulikuwa tunatembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye tope lile, mimi, wewe na Kalisti mgongoni kwangu.

Nenda Dar. Nenda na Mama Nelly, usiende peke yako. Na jambo moja nakukataza kama dada yako mkubwa: mama ameanza kumtaja yule mganga wa Masumbwe anayechanja bandama chale na kupaka dawa nyeusi. Nimemwambia hapana. Na wewe mwambie hapana. Kichocho hakitolewi kwa wembe.

Misa ni Alhamisi ijayo, saa moja asubuhi. Kiti chako kitakuwa wazi.

Lukresia


Dar es Salaam,
19 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Tuko salama. Mama Nelly amelala kwa shangazi yake Temeke, mimi niko kitandani wodini. Joto la huku linanata. Asante kwa kuniwakilisha kwenye misa.

Wamejaribu Jumatatu. Saa tatu nzima. Waliingia shingoni vizuri, wakafika ndani ya ini, wakachoma sindano, wakachoma tena, wakachoma mara nane. Kila mara sindano inatoka kapa. Ule mshipa umeziba mpaka hauonekani, na huwezi kulenga kitu usichokiona. Mwishowe daktari, Dokta Nasibu, akavua aproni yake nzito akakaa chini akifuta jasho. Nilimhurumia yeye kabla ya kujihurumia mimi.

Jana alikuja kunieleza. Anasema njia ya shingoni peke yake imekataa. Kupitia ubavu wa kulia moja kwa moja kwenye ini hakufai, kuna maji tumboni na ini limekunjamana. Imebaki njia ya bandama. Wanachoma ubavu wa kushoto, wanaingia kwenye bandama yenyewe, wanafuata mshipa wake kwa waya kutoka upande ule mpaka walifikie lile bonge la damu na kulipenya kwa nyuma. Wakishapenya wanafungua kitanzi kidogo cha waya pale ndani, na yule wa shingoni analenga kitanzi. Wawili wanatafutana kutoka pande mbili. Hatari ni kwamba bandama ina damu nyingi, ikivuja inavuja kwelikweli.

Nimekataa. Nimesema asante, nimesaini kukataa, kesho natoka. Naenda kwa mama Ushirombo nipumzike. Usiniulize sababu. Njia ya pembeni siitaki, basi.

Nestory


Shinyanga,
4 Novemba 2023

Nestory,

Salamu utazipata kwa mama, sina nafasi.

Nimekwenda kwa daktari wa hapa mjini na barua yako mkononi, nikamsomea kile kipande cha bandama. Akasema ni kazi ya hatari inayofanywa na wachache, lakini ukikaa hivyohivyo siku moja mshipa wa kooni utapasuka na hakutakuwa na gari la mawe karibu. Nikamwuliza siku moja lini. Akasema hajui, hakuna anayejua.

Wewe uliyeshuka mita sitini chini ya ardhi kwa kamba, unaogopa sindano? Siamini. Kuna kitu. Uliponieleza mara ya kwanza ulisema unaelewa, ukaacha sentensi hewani. Sasa umekataa kwa maneno yaleyale ya njia ya pembeni. Nimefundisha watoto miaka kumi na tisa, najua mtoto anapoficha kitu mgongoni.

Nelly ameniuliza bandama iko wapi. Nilimwonyesha. Tangu siku hiyo anatembea akiwa ameshika ubavu wake wa kushoto.

Niandikie.

Lukresia


Mwanza,
18 Desemba 2023

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeegemea mito, mwandiko utanisamehe. Mama Nelly yuko nami.

Tarehe 9 nilitapika tena, nyumbani kwa mama, uani penye mihogo. Mama alikinga kwa kanga yake. Nimeongezewa chupa tano. Dokta wa hapa amezungumza na Dokta Nasibu kwa simu, wakasema wote wawili hakuna tena kusubiri, ni bandama au hakuna.

Lakini walipofunua shati wakakuta chale. Mama alimleta mganga wa Masumbwe mwezi Novemba. Mistari kumi na miwili, ubavu wa kushoto, juu ya bandama kabisa. Nilikuwa nimechoka, dada, sikuwa na nguvu ya kubishana, na mama alikuwa amenishika mkono. Zimeoza. Usaha. Daktari anasema hawezi kupitisha sindano kwenye ngozi yenye usaha kuingia kwenye bandama, atanipandikizia sumu ndani ya damu. Lazima zipone kwanza. Wiki sita, labda zaidi. Alisema hivyo kwa upole, akatoka, nikamsikia nje akipiga kitu ukutani.

Kwa hiyo njia niliyoikataa sasa nayo imenikataa. Nilidhani nitafurahi. Usiku na mchana nasikiliza koo langu.

Usimgombeze mama. Ana hofu kama sisi.

Nestory


Shinyanga,
28 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Krismasi imepita, hatukupika. Nelly alikwenda kanisani na majirani.

Sitamgombeza mama, maana kosa si lake. Alinipigia mara tatu kuhusu yule mganga. Mara mbili nilimkatalia. Mara ya tatu ilikuwa siku moja baada ya yule daktari wa mjini kuniambia hajui lini. Nilikuwa nimekaa na daftari arobaini mbele yangu, sioni herufi. Mama akasema, mwanangu anakataa sindano za Dar, na wewe unakataa dawa za kwetu, basi mnataka nifanye nini. Nikasema: mlete.

Ni mimi, Nestory. Mimi niliyekuandikia kwamba kichocho hakitolewi kwa wembe. Nilijua, na bado nilisema mlete, kwa sababu sikuweza kuvumilia kukaa bila kufanya kitu chochote. Kila chale iliyoko ubavuni mwako nimeichanja mimi.

Sikuombi uniambie si kitu. Nimekwambia ili ujue ni nani wa kumkasirikia.

Lukresia


Mwanza,
11 Januari 2024

Dada,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Chale saba zimefunga, tano bado zinatoa maji.

Nilikukasirikia siku moja, kutwa nzima, halafu nikashindwa kuendelea. Umenitangulia kusema lako, nami sina haki ya kukaa na langu.

Kalisti hakufa siku ile. Tuliwaambia nyumbani kwamba duara lilishuka likammaliza mara moja, kwamba hakuumia. Si kweli. Kifusi kiliziba mdomo wa duara, yeye akabaki kwenye njia ya chini, mzima. Tulijua kwa sababu alikuwa anagonga bomba la hewa. Tatu, anapumzika, tatu.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa duara. Mwita akanijia akasema, tutoboe kutoka kwangu, tukate pembeni, haizidi mita nne. Nikashuka kwake nikaangalia matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, nikayaona yameoza. Niliona watu tisa watakaoshuka pale na ukuta ukiwaangukia. Nikasema hapana, tunafukua kutoka juu. Mwita alinibembeleza. Nikasema hapana mara ya pili. Tulifukua siku tatu. Siku ya pili mchana kugonga kukakoma.

Tulipomfikia, nilikwenda kupima ule ukuta uliobaki kati yake na duara la Mwita. Mita moja na nusu, udongo laini. Mtu mmoja mwenye sururu angemfikia kabla chai haijapoa.

Sasa unaelewa kwa nini Dokta Nasibu aliposema wanatoboa kutoka upande wa pili, wawili wanatafutana, nilisaini kukataa. Nilimnyima Kalisti njia hiyo. Nitaipokeaje mimi?

Mama asijue.

Nestory


Mwanza,
2 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Wiki tatu. Masudi anaapa kwamba barua alikupa mkononi, tena ukiwa kwenye geti la shule.

Chale zimefunga zote. Dar wananiita tarehe 19. Fomu iko hapa kwenye kabati la chuma, sijaisaini. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa, lakini niandikie hilo.

Nestory


Shinyanga,
6 Februari 2024

Nestory,

Marahaba.

Masudi hakudanganya. Niliisoma pale getini, nikaiweka chini ya godoro, nikafundisha wiki tatu nikiongea na watoto kama redio. Nilikuwa nimekukasirikia, na bado. Si kwa kuogopa yale matimba. Watu tisa wana mama zao. Ni kwa sababu miaka minne umetuacha tuamini alilala tu, na misa zote hizo tumemshukuru Mungu kwamba hakujua lolote. Alijua. Alijua siku mbili, na sisi tulikuwa tunavuna karanga.

Nimekwambia hasira, sasa sikiliza lingine. Sababu yako siikubali. Unataka kufa kwa njia iliyozibwa ili iwe haki kwa Kalisti, lakini Kalisti hatapata chochote. Atakayepata ni Nelly, naye atapata kaburi la pili. Ulikosea mita moja na nusu kwa sababu uliogopa. Mimi nilikosea chale kumi na mbili kwa sababu niliogopa. Tumeshaogopa vya kutosha, na kila mara tumeharibu.

Safari hii wewe ndiye uko chini. Kuna mtu pembeni anasema anaweza kutoboa. Mwache atoboe.

Swali moja, na ulijibu kwa kweli. Kalisti alipokuwa anagonga, ulikuwa unamjibu? Hukuandika.

Lukresia


Dar es Salaam,
9 Machi 2024

Dada,

Shikamoo sana. Ni mimi ninayeandika, uone mwandiko.

Nilisaini. Tarehe 21 wakaniingiza chumba chenye baridi na skrini nne. Walinipa usingizi mwepesi, nikawa nasikia kama mtu aliye chumba cha pili. Dokta Nasibu alisimama kichwani kwangu, upande wa shingo. Ubavuni alisimama daktari mwingine, mama mmoja mfupi aliyepandia kigoda. Alipapasa chale zangu kwa kidole, akachagua nafasi kati ya mbili, akachoma.

Dada, nimeogopa maishani lakini si hivyo. Nilihisi kitu kinatembea ndani ya ubavu wangu kwenda katikati. Kisha kikasimama. Lilikuwa lile bonge la damu. Alisukuma waya, akauvuta, akaubadilisha, akasukuma tena, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Nikajua kunyamaza huko, nimewahi kukusikia. Mkono wangu ukaanza kugonga kitanda wenyewe. Tatu, napumzika, tatu. Muuguzi aliyeshika kifundo cha mkono wangu akaniuliza, baba unaumwa? Nikatikisa kichwa. Sijui alielewa nini, lakini nilipogonga tena, akanigongea mgongoni mwa kiganja. Tatu. Kila nilipogonga alijibu.

Halafu yule mama akasema, nimepita. Akafungua kitanzi. Dokta Nasibu akasema, nakiona, akachoma mara moja tu. Waya wa shingoni ukaingia kwenye kitanzi cha bandama, wakaukamata, wakavuta, wakapitisha kibomba. Wakati wa kutoka bandama waliziba tundu nyuma yao, hatua kwa hatua. Siku mbili nililazwa chali wakinipima kama imevuja. Haikuvuja.

Sijapona kabisa, usishangilie. Kibomba kinaweza kuziba tena. Kila miezi mitatu nipigwe ultrasaundi, na mikono ikianza kutetemeka au nikianza kuchanganya maneno nirudishwe haraka. Nikiamka naikagua kwanza mikono, halafu koo. Hofu ipo, imehamia tu chumba kingine.

Uliniuliza. Nilimjibu. Nilikuwa na nyundo pale kwenye bomba, sikumpa mtu. Tatu kwa tatu, siku zote mbili. Aliponyamaza niliendelea, mpaka kesho yake jioni Mwita akaninyang'anya nyundo.

Jumamosi ya tarehe 23 nitafika Ushirombo. Nitamwambia mama mwenyewe. Usimwambie kitu. Naogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa ile sindano.

Nestory


Ushirombo,
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Niko huku kwa mama na Nelly, shule zimefunga. Mvua imenyesha, mpunga umesimama. Nelly nimemkataza majaruba, amevaa mabuti na bado anatafuta sababu ya kuingia.

Hii ni mara ya pili nafanya jambo nyuma yako. Barua yako iliponifikia mama alikuwa ananitazama uso. Akasema, Lukresia, unasoma nini hicho. Nilishindwa. Nimemsomea zote, hii na ile ya Januari. Ukija kunikasirikia utanikuta.

Alisikiliza akiwa anachambua karanga. Nilipofika kwenye kugonga bomba, mikono ikasimama. Nilipofika kwenye mita moja na nusu, alijifunika kanga usoni, akakaa hivyo mpaka nikadhani hatatoka tena. Nilimaliza kusoma nikaogopa kumgusa.

Kisha akauliza jambo moja tu. Akasema, soma tena pale pa nyundo. Nikasoma. Akaniuliza, siku zote mbili? Nikasema ndiyo mama, na siku ya tatu pia. Akafunua uso. Akasema, miaka minne nimekuwa nikimwona mwanangu amekufa gizani peke yake. Kumbe alikuwa na kaka yake.

Leo asubuhi ameloweka michembe. Anasema Jumamosi ni mbali, uje Ijumaa.

Dada yako,
Lukresia